Padri Stefano Kaoze wa Kirungu

Wakatekumeni wapenzi, wako kati yenu wanaonung'unika kwamba mafundisho ni marefu na ubatizo unakawia. Sikilizeni basi habari za mtu aliyejua kungoja.

Mbali na Kolwezi yetu, upande wa mashariki, juu ya kilima kinachotazama ziwa Tanganyika, uko mji mdogo uitwao Kirungu. Chini yake, kando ya maji, ndipo bandari ya Moba. Zamani za Wabelgiji mji huo uliitwa Baudouinville. Mapadri Weupe waliuanzisha mwaka 1893, wakiongozwa na Padri Victor Roelens, aliyepewa uaskofu mwaka 1896. Watu wa nchi ile walikuwa wameteswa sana na wafanya biashara ya watumwa, na wengi walikimbilia misioni. Huko walijengwa kanisa kubwa la matofali, shule na seminari. Lakini ubatizo haukutolewa upesi: kanuni ya Kardinali Lavigerie iliagiza matayarisho ya miaka minne.

Katika nchi hiyo ya milima ya Marungu alizaliwa Stefano Kaoze, Mtabwa, yapata mwaka 1886. Alisoma kwanza Mpala, kisha seminari kubwa ya Baudouinville. Alijifunza Kilatini, falsafa na teolojia, mwaka baada ya mwaka. Wazungu wengi wa siku zile hawakusadiki kwamba mtu mweusi aweza kuwa padri. Kaoze aliendelea na masomo yake. Akiwa bado mseminari aliandika kwa Kifaransa juu ya fikira za Wabantu, na maandiko hayo yalipigwa chapa Ubelgiji miaka ya 1910 na 1911.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Askofu Roelens alimwekea mikono. Karne nyingi nyuma, ufalme wa Kongo ulikuwa na mapadri weusi. Lakini katika Kongo ya Wabelgiji, Kaoze alikuwa wa kwanza. Mwaka 1920 alisafiri Ulaya pamoja na Askofu wake, akapokewa Roma na Baba Mtakatifu Benedikto XV. Heshima hiyo haikumtoa kwa watu wake. Alirudi kufundisha na kuhudumia Wakristo, na baadaye alikabidhiwa misioni ya Qwiba, iliyotunzwa na mapadri Waafrika. Baada ya vita kuu ya pili aliitwa pia katika baraza la serikali ya koloni, ambamo Wakongo walikuwa wachache mno. Alifariki mwaka 1951.

Mnaona, wapenzi: kama angalichoka njiani, wenye shaka wangalisema kwamba walinena kweli. Kwa sababu alivumilia, mlango ulifunguliwa kwa mapadri na maaskofu wengi wa Kongo waliomfuata. Basi asiyekawia mafundishoni asihesabu miezi iliyobaki. Na ahesabu aliyojifunza. Mvumilivu hula mbivu.