FUNZO LA MASHINE YA BABBAGE

Wako wanaodhani kwamba kompyuta ni zao la juzi tu. Ukweli ni kwamba Charles Babbage, aliyebuni misingi yake, alizaliwa London mwaka 1791, akafariki mwaka 1871 bila ya kuiona mashine yake imekamilika. Tunayaeleza maisha yake kwa kuwa yana funzo kwa kila aliyekabidhiwa dhamana ya mali ya umma.

Zama hizo manahodha waliongoza vyombo kwa majedwali ya hesabu zilizofanywa kwa mkono. Tarakimu moja ikikosewa, chombo kiliweza kupanda mwamba. Watu wa visiwani hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hilo. Mwaka 1821 Babbage, akisahihisha majedwali ya falaki pamoja na mwenzake John Herschel, alichoshwa na wingi wa makosa, akaazimia kuunda mashine ya magurudumu yenye meno itakayopiga hesabu na kuchapa majibu yenyewe. Mwaka 1822 alionyesha mfano mdogo, na mwaka 1823 Serikali ya Uingereza ikaanza kumpa fedha.

Miaka kumi baadaye kazi ilisimama, Babbage na fundi wake mkuu, Joseph Clement, walipogombana juu ya malipo. Mashine ya kwanza haijesha, Babbage akavutwa na nyingine kubwa zaidi: yenye ghala ya kuwekea tarakimu na kinu cha kuzipigia hesabu, ikiamrishwa kwa kadi zenye matundu, mfano wa zile za wafumaji hariri wa Ufaransa. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kompyuta. Lakini Serikali, iliyokwisha kutumia paundi zipatazo 17,000, ilimweka bila ya uamuzi hadi mwaka 1842, ilipojitoa.

Kwa maoni yetu, lawama ni ya pande zote mbili. Babbage alidai kipya ilhali cha kwanza hakijakamilika. Wakubwa nao walinyamaza pale walipopaswa kuamua.

Mwaka 1991 Makumbusho ya Sayansi ya London yaliunda mashine kwa michoro aliyoiacha Babbage, nayo ikapiga hesabu sawasawa. Kumbe ujuzi ulikuwapo. Kilichopungua ni subira na maelewano. Basi tunawanasihi watendaji wetu: mwenye kazi aimalize kabla ya kuomba nyingine, na ofisi imjibu mapema, ikiwa ni ndiyo au ni hapana.