Marie Van Brittan Brown, Muuguzi Aliyeutia Mlango Macho

Ukitoka lango kuu la chuo ukatembea mpaka mitaa tunayopanga, utachoka kuhesabu kamera. Ipo kwenye kona ya benki, ipo juu ya kibanda cha miamala, ipo geti la hosteli, na siku hizi ipo hata kwenye nyumba ya vyumba sita vya wanafunzi. Tumezizoea kiasi kwamba hatuulizi zilianzaje. Ukimuuliza mtu atakwambia ni mambo ya majeshi, na hajakosea sana, maana Wajerumani walitumia televisheni kutazama maroketi yao yakirushwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lakini kamera ya nyumbani, ile ya kujua nani anagonga mlango, ina historia nyingine kabisa. Hiyo tunaidai kwa muuguzi mmoja mwanamke mweusi wa New York ambaye alichoka kuogopa usiku. Nasimulia maisha yake kwa sababu naona tumekichukua kifaa chake, wazo lake tukaliacha njiani.

Marie Van Brittan Brown alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1922 huko Jamaica, Queens. Hiyo Jamaica msiichanganye na kisiwa, ni eneo ndani ya Queens, na Queens ni moja ya sehemu tano zinazounda jiji la New York. Hapo ndipo alipokulia, akaolewa, akalea watoto wake wawili, na ndiko alikoishi karibu maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa uuguzi. Mumewe, Albert Brown, alikuwa fundi wa elektroniki. Wenye ndugu wauguzi mnajua maisha yale: leo zamu ya mchana, kesho ya usiku, wengine wakiamka wewe ndiyo unarudi kulala. Na Albert naye saa zake za kazi hazikuwa za kueleweka. Matokeo yake Marie alijikuta mara nyingi yuko nyumbani peke yake katika saa ambazo mtu hapendi kuwa peke yake.

Miaka ya 1960 uhalifu ulikuwa unapanda katika miji mingi ya Marekani, na mtaa wao haukusalimika. Polisi wakiitwa walikuwa wanachelewa. Tena hata kuwaita kulikuwa na kazi yake. Leo filamu zimetuzoesha kwamba Mmarekani akipata shida anabonyeza 911. Namba hiyo ilianza kutumika New York Julai 1968. Kabla ya hapo ulipaswa umpate opareta wa simu akuunganishe, au uwe na namba ya kituo chako cha polisi. Hebu jiweke pale. Ni saa nane za usiku, mtu anagonga, hujui ni jirani mwenye mgonjwa au ni jambazi. Njia ulizonazo ni mbili. Ya kwanza, unyamaze ujifanye haupo. Ya pili, utembee mpaka mlangoni uweke jicho kwenye kitundu, wewe na yeye mkitenganishwa na ubao tu.

Marie aliikataa hiyo ya pili. Alitaka amwone mgongaji bila kumkaribia. Tunaweza kusema ni wazo dogo, lakini kila kitu kilichofuata kimetoka humo. Alishirikiana na mumewe, ambaye saketi na mawimbi ya redio ndiyo yalikuwa mkate wake, na pamoja wakachora mfumo mzima.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Mlangoni yalitobolewa matundu manne, moja juu ya jingine. Nyuma ya matundu, upande wa ndani, ilikaa kamera ya televisheni iliyosogezwa na mota juu na chini, ikisimama kwenye tundu unalotaka. Tundu la juu kabisa lilikuwa la kumwona mtu mrefu, la chini la kumwona mtoto, na ya katikati kwa waliobaki. Picha ilisafiri kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye televisheni iliyokuwa chumbani, kwa hiyo hakuhitaji hata kutoka kitandani. Kulikuwa na maikrofoni na spika za kuzungumza na aliyeko nje. Akimtambua ni mtu wake, alibonyeza kitufe na mlango ukafunguka kutoka mbali. Akimwona si mtu mwema, kulikuwa na kitufe kingine cha kupiga king'ora na kuomba msaada.

Tarehe 1 Agosti 1966 waliwasilisha maombi ya hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiibiwe uvumbuzi wake. Walisubiri zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 2 Desemba 1969 wakapewa hataza namba 3,482,037, ikiwa na majina yote mawili, la Marie likitangulia. Desemba hiyohiyo gazeti la The New York Times likaandika habari zao. Marie alikuwa na umri wa miaka 47, bado muuguzi.

Ili tuone ukubwa wa jambo hili, tukumbuke vifaa vya wakati ule vilivyokuwa. Rekoda ya kwanza ya video iliyofanikiwa sokoni ilioneshwa na kampuni ya Ampex mjini Chicago mwaka 1956. Ilitumia mkanda wenye upana wa inchi 2, na bei yake ilikuwa dola 50,000. Hiyo ilikuwa mashine ya vituo vya televisheni. Mtu wa kawaida alikuwa na televisheni ya kutazama vipindi, basi. Kwamba mshahara wa muuguzi na wa fundi ungeweza kukaa meza moja na kufikiria kituo kidogo cha televisheni ndani ya nyumba, kwa ajili ya mlango wao wenyewe, hilo lilihitaji ujasiri.

Utajiri haukuja. Kufunga mfumo ule kulikuwa na gharama kubwa, na haukuenea majumbani wakati ule. Kwa sheria ya Marekani ya siku zile hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo ulinzi wao uliisha mwaka 1986, kabla kamera hazijawa bidhaa rahisi ya kila duka la vifaa vya umeme. Waliokuja baadaye walijenga juu ya kazi yao, na hataza nyingi za miaka iliyofuata zinaitaja ile ya akina Brown kama kazi iliyotangulia. Marie alifariki dunia huko Queens tarehe 2 Februari 1999, akiwa na miaka 76. Alikufa kabla ya simu janja kuenea, kabla ya kengele za mlangoni zenye kamera ambazo leo watu wanazifungua kiganjani kama vile zimebuniwa juzi.

Sasa turudi kwetu. Ukiuangalia mfumo wa Marie utaona una kazi nne: kuona, kuzungumza, kufungua au kuacha mlango umefungwa, na kuita msaada. Na juu ya zote nne kuna jambo moja, kwamba anayeushika ni yule anayeogopa. Skrini ilikuwa chumbani kwake, vitufe vilikuwa mkononi mwake. Kamera zetu nyingi zimebaki na kazi moja, kuona, na hata hiyo wanaona wengine.

Nichukue mfano wa nyumba ninayopanga. Tuko wasichana wanne na wavulana wawili. Kuna kamera tatu, na tangazo la nyumba lilizitaja kama sababu ya kodi kuwa juu. Muhula uliopita wezi waliingia wakaondoka na kompyuta mpakato mbili, moja ikiwa na utafiti wa mwaka wa tatu wa mwenzetu. Rekoda iko sebuleni kwa mwenye nyumba. Tulisubiri siku nne atufungulie. Ilipofunguliwa, tarehe yake ilikuwa ya miaka mingi nyuma, na diski ilikuwa imejaa, haijarekodi chochote kipya kwa wiki kadhaa. Kamera pekee iliyokuwa na picha safi muda wote ni ile ya korido ya kwenda bafuni, pale tunapopita tumejifunga khanga. Picha hiyo inaonekana kwenye televisheni ya sebuleni, mbele ya yeyote aliyekaribishwa chai. Jamani, mwanamke alibuni kitu hiki ili aone bila kuonekana. Kwetu kimegeuzwa kikatugeukia.

Ndiyo maana nasema maisha ya Marie ni somo la vitendo pia. Kabla hujalipa kodi kwa sababu ya kamera, au kabla hamjachanga bumu mnunue ya kwenu, kuna mambo ya kukagua.

Anza na urefu. Mafundi wetu wanapenda kuifunga kamera juu kabisa chini ya paa, wanasema ili isiibiwe. Pale juu inaona kofia na utosi. Marie alitoboa matundu manne kwa sababu alijua uso wa mtu hauko mahali pamoja. Kama mna kamera mbili, ya juu ichukue eneo lote, nyingine ikae karibu na usawa wa uso pale watu wanapopita lazima.

Kisha ikague usiku, usiridhike na picha ya saa sita mchana. Kamera nyingi gizani huwasha taa za infraredi ambazo macho yetu hayazioni. Ukiifunga nyuma ya kioo cha dirisha, mwanga ule unarudi kwenye lenzi na picha inakuwa weupe mtupu. Buibui nao hupenda kutandaza utando pale pale, na utando mmoja unatosha kuharibu picha yote, kwa hiyo kitambaa kikavu ni sehemu ya ulinzi. Na kama kamera inafanya kazi vizuri mchana halafu inazima giza likiingia, usikimbilie kununua nyingine. Taa zile zikiwaka kamera inakula umeme zaidi, na kama waya ni mrefu na mwembamba, umeme unafika umepungua. Anza na waya na adapta.

Rekoda nayo ina maswali matatu. Saa yake ni sahihi? Umeme ukikatika na betri yake ndogo ya ndani ikiwa imekufa, tarehe inarudi nyuma, na kupata tukio la usiku fulani inakuwa kutafuta sindano mchangani. Diski ikijaa, imewekwa ifute picha za zamani au isimame? Na inabeba siku ngapi? Hesabu hii ni ya kidato cha nne. Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde inajaza kama gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni zaidi ya 86. Diski ya terabaiti 1 inakwisha kwenye siku ya kumi na mbili hivi. Ukienda likizo ya mwezi ukarudi kutafuta mwizi wa wiki ya kwanza, humpati.

Halafu nywila. Rekoda nyingi zimekuja na nywila ya kiwandani, na anayeijua ni kila mwenye rekoda kama hiyo. Ikiunganishwa na intaneti bila kubadilishwa, mnajirusha hewani wenyewe. Ibadilishwe siku ya kufungwa, fundi akiwa ameshaondoka.

La mwisho ndilo Marie alilolianza: nani anashika? Hapa kwetu Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Mpangaji ana haki ya kuuliza kamera inaangalia wapi, picha zinakaa siku ngapi, na nani anazitazama. Kuuliza hivyo si ukorofi wala si kumtukana mwenye nyumba.

Serikali ya wanafunzi kila mwaka inatuletea orodha ya nyumba za kupanga nje ya chuo. Inaandika maji yapo, umeme upo, kamera zipo. Naomba mwaka huu ile safu ya kamera iongezwe maneno machache: zinaelekea wapi, nani ana skrini, na picha ya usiku iliyokaguliwa na mwanafunzi mwenyewe. Nyumba ambayo kamera yake inatazama mlango wa bafu isiingie kwenye orodha, hata kama maji yanatoka saa ishirini na nne.