Hans Berger, tabibu wa mawimbi ya ubongo

KATIKA vilima vya Kisii na Nyamira, waganga waitwao ababari walivuma kwa ustadi wa kufungua fuvu la mtu aliyeteswa na maumivu ya kichwa baada ya kugongwa au kuanguka. Waliukwangua mfupa bila kuugusa ubongo. Huko Ujerumani, mwaka 1924, tundu la namna hiyo, lililoachwa na upasuaji, lilimpa Daktari Hans Berger nafasi ya kunasa umeme wa ubongo wa binadamu.

Berger alizaliwa Mei 21, 1873, karibu na mji wa Coburg. Akiwa kijana jeshini aliangushwa na farasi, nusura akanyagwe na gurudumu la mzinga. Siku hiyo hiyo baba yake alimpelekea telegramu kumjulia hali, kwani dada yake alikuwa ameingiwa na hofu ya ghafla juu yake. Tangu hapo aliamini kwamba fikra husafiri. Akasomea udaktari mjini Jena ili aitafute nguvu hiyo.

Hakuipata, ila alipata jambo kubwa zaidi. Kwa miaka mitano alifanya kazi kimya kimya, mwenyewe akiwa na shaka, akimpima hata mwanawe Klaus. Mwaka 1929 alitangaza kwamba ubongo wa mtu aliyetulia, macho yamefumbwa, hutoa mawimbi yapatayo 10 kwa sekunde. Akifumbua macho, hufifia. Wengi walimpuuza hadi Adrian na Matthews wa Cambridge walipomthibitisha mwaka 1934.

Usingizi unapomnyemelea mtu, mawimbi hayo hupotea na mengine ya polepole hushika nafasi yake. Mnamo 1937 Alfred Loomis na wenzake nchini Marekani waliugawa usingizi katika hatua. Waligundua pia kuwa sauti, kama vile mlango kubishwa, huweza kuzusha wimbi moja kubwa katika ubongo wa aliyelala, naye asiamke. Kumbe aliyelala bado husikia! Kwa madaktari wa kifafa, kusinzia ni saa ya thamani, maana dalili zisizoonekana mgonjwa akiwa macho mara nyingi hujitokeza hapo.

Ndiyo maana doa lake ni zito. Chini ya Wanazi, Berger aliketi katika mahakama iliyoamua nani afungwe uzazi kwa nguvu, na sheria hiyo ya 1933 iliwataja pia wenye kifafa cha kurithi.

Alistaafu mwaka 1938. Juni 1, 1941, akiwa amelemewa na huzuni, alijitoa uhai mjini Jena.