Mama Nokutela Dube, mke wa direkta wa Ohlange

Shule ikisifiwa, jina linalotajwa ni la direkta. Leo tumutazame mama aliyesimama kando yake.

Nokutela Mdima alizaliwa mwaka 1873 katika Natal, Afrika ya Kusini, kwa wazazi Wakristo. Alisoma kwenye shule ya wasichana ya Inanda, iliyofunguliwa na wamisionere Wamarekani mwaka 1869. Mwaka 1894 aliolewa na John Langalibalele Dube.

Mwaka 1896 walivuka bahari kwenda Marekani, wakasoma Brooklyn. Walizunguka makanisani kutafuta feza ya kujenga shule: mume alihubiri, mke aliimba. Walirudi kwao mwaka 1899, na muda mfupi baadaye wakaanzisha shule ya Ohlange, ya kwanza katika Afrika ya Kusini kuanzishwa na watu weusi wenyewe.

John akawa direkta. Nokutela alifundisha uimbaji, upishi na kushona nguo. Mwaka 1903 walianzisha gazeti Ilanga lase Natal, na mwaka 1911 walitoa kitabu cha nyimbo za Kizulu, Amagama Abantu. Korali ya Ohlange ilisaidia kueneza Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo ambao leo ni sehemu ya wimbo wa taifa lao. Mwaka 1912 John alichaguliwa raisi wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC.

Lakini mama huyu hakupata mtoto, na ninyi mnajua mzigo huo katika nyumba zetu. Ndoa ikavunjika, wakatengana. Nokutela alikufa Johannesburg mwezi wa kwanza mwaka 1917. Alizikwa katika makaburi ya Brixton, na kaburi lake halikuwa na jina, ila namba na herufi mbili, CK. Herufi ya kwanza ilimaanisha Mkristo. Ya pili ilikuwa ya neno Kaffir, tusi ambalo wazungu walimwita nalo mtu mweusi.

Mwaka 1994 Nelson Mandela alipiga kura yake pale Ohlange, akafika kwenye kaburi la John. Kaburi la Nokutela lilikuwa bado namba tu. Mwana wa Mali, Profesa Chérif Keïta, ndiye aliyelitafuta, na mwaka 2013 jiwe lenye jina lake likasimamishwa. Mwaka 2017 serikali ya Afrika ya Kusini ilimupa heshima ya Nishani ya Mbuyu, daraja la dhahabu, miaka 100 baada ya kufa kwake.

Wapendwa, hakuzaa, lakini watoto aliowafundisha kuimba ni wengi. Tusingoje miaka 100. Katika shule zetu na parokia zetu wako mama wanaofundisha korali na kuwapikia wageni, na majina yao hayaandikwi popote. Tuwataje wangali hai. Na mama asiye na mtoto asidharauliwe katikati yetu.