Hans Wilsdorf: Yatima aliyeasisi Rolex, na saa yake ya pili isiyothaminiwa

UKITAJA neno Rolex mjini Kisumu, Busia au Kampala, huenda ukaletewa chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga badala ya saa. Jina hilo la chakula lilizaliwa Uganda kutokana na matamshi ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, kisha likavuka mpaka na kuenea hadi ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria.

Wengi wanaojinunulia mlo huo kando ya barabara hawana habari kwamba jina lenyewe lilisajiliwa mwaka 1908 na kijana Mjerumani aliyekuwa akifanya biashara London. Kijana huyo alikuwa yatima tangu utotoni, hakuwa fundi wa saa, na mtaji wa biashara yake ulikuwa wa kukopa. Aliitwa Hans Wilsdorf.

Leo anakumbukwa kama baba wa Rolex, saa ya marais, matajiri na mabingwa wa michezo. Hata hivyo, wapenzi wa saa waliobobea wanashikilia kwamba heshima yake haijakamilika. Wanasema ipo saa nyingine aliyoiasisi, Tudor, ambayo kwa miaka mingi ilitazamwa kama mtoto wa kambo ilhali ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi alichokuwa akikitafuta mzee huyo maishani.

Wilsdorf alizaliwa Machi 22, 1881, katika mji wa Kulmbach, jimbo la Bavaria. Alikuwa mtoto wa pili miongoni mwa watatu. Mama yake alifariki, baba naye akafuata, na kufikia umri wa miaka 12 Hans hakuwa na mzazi.

Wajomba waliachiwa jukumu la malezi. Waliuza biashara ya familia, wakaziweka fedha kando kwa ajili ya watoto na kumpeleka kijana shule ya bweni mjini Coburg. Uamuzi huo ungeweza kumjaza uchungu, lakini Wilsdorf alipokuwa mtu mzima aliuona kama msingi wa mafanikio yake, kwa sababu ulimfunza mapema kutunza alichonacho na kujitegemea. Shuleni alipenda hesabu na lugha, na Kiingereza ndicho kilichomfungulia milango.

Baada ya masomo alifanya kazi Geneva katika kampuni iliyouza lulu nchi za nje. Mwaka 1900 akahamia La Chaux-de-Fonds, mji wa Uswisi uliojaa karakana za saa, akaajiriwa kuwa karani wa barua za Kiingereza katika kampuni ya Cuno Korten. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutia ufunguo mamia ya saa za mfukoni kila siku na kuhakikisha hazipotezi dakika. Ni wakati huohuo, Desemba 1901, ambapo reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, ikaja na ratiba zake za kuondoka na kufika.

Katika kazi hiyo ya kuchosha, Wilsdorf alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena akilini: saa inayopotosha wakati ni pambo tu, hata iwe ya dhahabu.

Alikwenda London mwaka 1903, na miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni ya Wilsdorf & Davis pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Hawakuunda saa. Walinunua mitambo midogo kutoka kwa familia ya Aegler mjini Bienne, Uswisi, wakaiweka ndani ya makasha na kuwauzia wenye maduka ya Uingereza.

Wakati huo mwanamume mwenye heshima alivaa saa ya mfukoni yenye mnyororo. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa bangili ya mwanamke. Mafundi waliidharau pia kwa sababu za kiufundi. Walisema mitambo midogo kiasi hicho haiwezi kushika wakati, na kwamba mitikisiko ya mkono, jasho na vumbi vingeiharibu kabla ya mwaka kwisha.

Wilsdorf alichukua dau upande ule ambao wenzake waliukimbia. Alitafuta kwanza jina fupi, linalotamkika katika lugha nyingi na linaloenea kwenye uso mdogo wa saa. Kwa masimulizi yake, jina Rolex lilimjia alipokuwa amepanda gari la abiria la kukokotwa na farasi jijini London.

Baada ya jina, akatafuta ushahidi. Mwaka 1910 saa yake ilipata cheti cha usahihi mjini Bienne, jambo ambalo saa ya mkononi haikuwa imelifikia. Julai 1914, kituo cha Kew karibu na London, kilichozoea kupima saa za manahodha wa meli, kiliipa saa yake ndogo cheti cha daraja la kwanza. Ilikuwa imepimwa kwa siku 45, ikilazwa na kusimamishwa kwa namna tano na kuwekwa kwenye baridi ya barafu na kwenye joto la tanuri.

Wiki chache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Askari waliokuwa mahandakini hawakuwa na nafasi ya kupapasa mifuko kutafuta saa. Walizifunga mikononi, na waliporudi makwao hakuna aliyethubutu tena kuziita bangili za wanawake.

Vita hivyo vilimletea Wilsdorf shida pia. Uingereza ilitoza ushuru wa asilimia 33.3 kwa saa zilizoingizwa kutoka nje, na biashara yake yote ilitegemea bidhaa za Uswisi. Akahamishia makao yake Geneva, ambako kampuni ya Montres Rolex ilisajiliwa mwaka 1920.

Suala la usahihi lilikuwa limetatuliwa. Lililobaki ni la maadui wawili ambao mkazi yeyote wa Pap Onditi, huko Nyakach, anawafahamu bila kufundishwa: maji na vumbi. Mvua ikizidi, tambarare za Nyakach hufurika. Kiangazi kikiingia, vumbi la barabarani hupenya kila upenyo. Mvuvi anayevuta nyavu ziwani na mwendesha bodaboda wanajua jinsi saa hafifu inavyoingiwa na unyevu chini ya kioo, kisha ikasimama.

Dawa aliyoipata Wilsdorf mwaka 1926 aliipa jina la Oyster, yaani chaza. Kasha la saa lilikazwa mbele na nyuma kama kifuniko cha chupa. Sehemu iliyokuwa ngumu zaidi ni kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo, kwa kuwa kijiti chake hupita kwenye tundu linaloelekea moja kwa moja kwenye mitambo. Alinunua haki za uvumbuzi wa Waswisi wawili uliowezesha kifundo hicho kukazwa kwa kuzungushwa hadi kikaziba tundu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wilsdorf aliamini kwamba hata chema kinahitaji mpiga mbiu. Oktoba 1927 Mercedes Gleitze, mpiga chapa wa London, alikuwa Mwingereza wa kwanza mwanamke kuogelea kuvuka mlangobahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Watu walipotilia shaka ushindi wake, aliamua kurudia, na Wilsdorf akampa saa ya Oyster.

Baridi ilimshinda mwanamke huyo, akatolewa majini baada ya zaidi ya saa 10 bila kufika ng'ambo. Saa aliyoitundika shingoni ilikuwa bado inakwenda sawasawa. Mwezi uliofuata Wilsdorf alilipia ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail kuutangazia umma. Madukani, saa zake ziliwekwa ndani ya matangi ya samaki ili wapita njia wajionee.

Mwaka 1931 kampuni ilikamilisha kazi kwa kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara, kinachozunguka ndani ya saa kila mkono unapotikisika na kuikaza kamani, yaani springi ya saa. Tangu hapo mwenye saa hakulazimika kuitia ufunguo kila asubuhi, wala kukifungua kile kifundo mara kwa mara na kuyakaribisha maji.

Kufikia hapo Rolex ilikuwa saa bora, lakini bei yake iliwafukuza wengi. Mwalimu, karani, mchimba migodi na baharia waliitazama kupitia kioo cha duka na kuendelea na safari. Hapo ndipo inapoanza habari ya Tudor.

Jina hilo, lililotoka kwa ukoo wa wafalme wa Uingereza wa zamani, lilisajiliwa Februari 1926 kwa niaba ya Wilsdorf. Miaka 10 baadaye alilichukua rasmi, na waridi la ukoo huo likaanza kuonekana kwenye uso wa saa. Machi 1946 aliunda kampuni kamili, Montres Tudor. Lengo alilolieleza lilikuwa wazi: wauzaji wake wapate saa ya bei nafuu kuliko Rolex, lakini inayoweza kuaminika kwa kiwango kilekile.

Hesabu yake ilikuwa ya busara. Tudor ilipewa kasha la chaza, kifundo cha kukaza na mkanda wa chuma uleule wa Rolex. Gharama ilipunguzwa kwenye mitambo, iliyonunuliwa kwa watengenezaji wengine wa Uswisi. Mvaaji alipata ulinzi uleule dhidi ya maji na vumbi kwa fedha pungufu.

Mwaka 1952 ilitoka Tudor Oyster Prince, inayojitia ufunguo yenyewe. Saa 26 za aina hiyo zilivaliwa na Waingereza waliokwenda Greenland kwa utafiti kati ya 1952 na 1954, katika barafu isiyo na huruma. Matangazo ya miaka hiyo hayakuonyesha mabwanyenye. Yalionyesha mchimba makaa ya mawe, mchonga mawe na mwendesha pikipiki, watu ambao mikono yao hutikisika kutwa.

Mwaka 1954 ikafuata saa ya wapiga mbizi, Tudor Submariner, iliyohimili kina cha mita 100. Jeshi la wanamaji la Ufaransa liliinunua kwa ajili ya wapiga mbizi wake kwa miongo kadhaa, na wanamaji wa Marekani pia waliitumia. Hao ni watu ambao saa ikiwadanganya chini ya maji, hewa inawaishia.

Kwa nini basi saa hiyo ilidharauliwa? Sababu ni jirani yake. Aliyevaa Tudor aliulizwa kwa nini hakununua Rolex, na jibu lilidhaniwa kuwa ni umaskini. Wakosoaji walidai pia kwamba saa isiyo na mitambo ya nyumbani haistahili kuwekwa meza moja na saa za kifahari. Hoja hiyo ina uzito kwa mkusanyaji wa saa, ila kwa mpiga mbizi au mchimba migodi haikuwa na maana yoyote. Kwa miaka kadhaa chapa hiyo iliondolewa hata katika soko la Marekani, na ikarejea huko mwaka 2013.

Wilsdorf mwenyewe hakuwa mgeni wa kuwaamini watu wasio na kitu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maafisa wa Uingereza waliotekwa na Wajerumani walinyang'anywa saa zao. Aliwaruhusu waagize nyingine kutoka Geneva wakiwa kambini na kulipa vita vikiisha, ilhali hakuna aliyejua nani angetoka hai.

Mke wake, Florence, aliyemwoa mwaka 1911, alifariki mwaka 1944. Hakuwa na watoto wa kumrithi. Mwaka uliofuata aliunda wakfu kwa jina lake na kuuachia hisa zake zote. Alipofariki Geneva mnamo Julai 6, 1960, akiwa na umri wa miaka 79, kampuni haikupiganiwa na warithi wala kuuzwa. Hadi leo Rolex na Tudor ni mali ya wakfu huo, unaogharamia huduma za jamii, elimu na sanaa. Mjini Geneva kuna daraja juu ya mto Arve lililofunguliwa mwaka 2012 ambalo lina jina lake.

Mwaka huohuo wa 2012 Tudor ilitoa saa ya Black Bay, yenye sura ya zile za wapiga mbizi wa zamani, na mwaka uliofuata ikapata tuzo mjini Geneva. Tangu 2015 chapa hiyo imekuwa na mitambo yake yenyewe, hivyo lawama ya zamani imeishiwa nguvu. Ila bei nayo imepanda. Tudor mpya leo ni ya laki kadhaa za shilingi, na mchonga mawe wa matangazo yale asingeimudu.

Kwa sababu hiyo, urithi halisi wa Wilsdorf kwa watu wa kawaida huenda umelala kwenye masanduku ya wazee. Aliyerithi saa kuukuu yenye waridi dogo usoni asikimbilie kuiuza kwa bei ya kutupa, na pia asiamini kila anayemletea ya kununua, maana za bandia ni nyingi. Ampelekee fundi mwenye ujuzi aifungue na kuikagua ndani. Wala asiingie nayo ziwani kabla mipira ya kuzuia maji haijabadilishwa, kwa kuwa mpira huzeeka hata ndani ya kasha la chaza.