MTAKATIFU FRANCIS XAVIER: MGENI ALIYETIA NANGA MALINDI

Bila shaka umewahi kupita pale Malindi mjini kwenye kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, linalotazama bahari. Wengi wetu hulipita tu tukienda zetu. Kumbe kanisa hilo linahusishwa na mtu ambaye dunia nzima inamjua! Mtu huyo ni Francis Xavier, na leo nataka nikusimulie maisha yake.

Xavier alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Xavier, nchi ya Navarre, ambayo leo sehemu yake kubwa imo Uhispania. Alikuwa kitinda mimba. Babake alifariki mwaka wa 1515 yeye akiwa na miaka 9 tu, halafu vita vikaja na ngome yao ikabomolewa sehemu. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka wa 1525 alikwenda Paris, Ufaransa, kusoma chuo kikuu. Huko aliishi chumba kimoja na Pierre Favre, na baadaye akaja Ignatius wa Loyola. Xavier alitaka cheo na sifa, lakini Ignatius hakuchoka kumshauri, mpaka akageuka. Tarehe 15 Agosti 1534 wenzi saba waliweka nadhiri, na kutokana nao likazaliwa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti.

Tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, alipanda merikebu Lisbon kwenda Bara Hindi. Safari hiyo haikuwa mchezo! Walikaa Msumbiji miezi mingi wakingoja pepo, naye akiwauguza wagonjwa. Mwaka wa 1542 wakatia nanga hapa kwetu Malindi. Mtu mmoja alikuwa amefia chomboni, wakamzika hapa, na Waislamu wa mji wakapendezwa na jinsi mazishi yalivyofanywa.

Sasa sikiliza jambo lililonigusa. Xavier mwenyewe aliandika katika barua kwamba mzee mmoja wa heshima, Mwislamu wa Malindi, alimuuliza kama makanisa ya kwao hujaa watu. Mzee alikuwa na huzuni kwa sababu katika misikiti 17 ya mji, ni 3 tu iliyokuwa ikienda watu. Wawili hao hawakuafikiana kuhusu sababu, lakini walizungumza kwa amani. Swali la mzee yule naona bado linatuhusu sote, Wakristo na Waislamu: je, imani yetu tunaishika au tunaitaja tu?

Xavier alifika Goa tarehe 6 Mei 1542. Baadaye alikwenda kwa wavuvi wa lulu waliosema Kitamil, lugha asiyoijua. Akatafuta watu wa kumsaidia kutafsiri sala, akazikariri. Kisha akawa anatembea na kengele mkononi, anawaita watoto. Akiisha kuwafundisha, aliwaagiza wakawafundishe baba, mama na majirani yale waliyojifunza. Basi watoto ndio waliokuwa walimu wa nyumbani!

Aliendelea hadi Malacca na visiwa vya Moluku, na mwaka wa 1549 akafika Japani. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, akiitazamia China ambayo hakuingia. Alikuwa na miaka 46, na nyumbani kwao hakurudi tena. Alitangazwa mtakatifu mwaka wa 1622.

Niliposoma habari za wale watoto, niliona haya. Nyanyangu hajui kusoma. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa namsomea katekisimu na Injili kila jioni baada ya chakula, na nyumba nzima inasikiliza. Nilipoingia kidato cha kwanza nikaacha, eti nina kazi nyingi ya shule. Kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa televisheni! Nyanya hakunigombeza. Alikuwa akiniuliza tu kama leo nina nafasi, nami namwambia kesho.

Jumapili iliyopita nilichukua kitabu, nikaketi karibu naye. Nilisoma sura moja tu. Nilipofika kwenye sala nikaruka mstari, naye akanisahihisha papo hapo, maana alikuwa ameishika kwa moyo tangu nilipomsomea zamani. Nilinyamaza kidogo, kisha nikaendelea.

Wanachama wenzangu, mtoto wa shule ni taa ya nyumba. Ukiwa na mzee nyumbani asiyejua kusoma, usimwambie kesho. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Na ukipita tena pale kwenye kanisa la makuti, simama kidogo, umkumbuke Xavier na kengele yake.