Maisha ya Mama Siti binti Saad: Sauti Hufundishwa



Katika makundi yetu ya waimbaji hapa Lukafu tunasikia maneno mawili mara nyingi. Wengine wanasema kwamba sauti ni zawadi ya kuzaliwa, basi aliyeipata hana haja ya kufundishwa. Wengine, na zaidi ni wamama na mabinti, wanasimama nyuma na kuimba kwa chini sana, kwa sababu hawakusoma, ao ukoo wao ni mdogo, ao wanaogopa kuchekwa. Kwa ajili ya hao wote tumeona vema kuandika maisha ya Mama Siti binti Saad wa Zanzibar. Yeye alikuwa Mwislamu, na nyimbo zake hazikuwa za kanisa. Lakini kazi ya sauti ni moja kwa kila mwenye koo na mapafu, na mwenye hekima hujifunza hata kwa jirani.

Mama huyu alizaliwa karibu na mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa wa kabila la Wanyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Sisi watu wa Katanga tunawajua Wanyamwezi, maana ni upande ule ule alikotoka Msiri na Bayeke waliokuja kukaa Bunkeya. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa, kwa sababu alizaliwa wakati wa utumwa. Amri ya kuufuta utumwa katika Zanzibar ilitoka mwaka wa 1897, yeye akiwa amekwisha kuwa msichana mkubwa. Jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, lilikuja nyuma. Tufikiri kidogo: kutoka Mtumwa mpaka Siti ni safari ndefu, na aliifanya kwa sauti yake.

Wazazi wake walikuwa watu wa kazi za mikono. Yeye hakuingia shule, hakujua kusoma wala kuandika. Alibeba vyungu kichwani, akatembea njia ndefu kwa miguu na kuviuza, akiita wanunuzi kwa sauti. Watu walimsikia mbali kabla ya kumwona. Hapo ndipo kifua chake kilipoanza kupata nguvu, maana mtu anayetembea na mzigo huku akiita hawezi kuita kwa koo tupu. Lazima avute pumzi ya kutosha na kuitoa kwa kipimo. Aliolewa, akazaa mtoto wa kike, na ndoa ile ikavunjika.

Mwaka wa 1911 alihama kijijini, akaingia mji wa Zanzibar. Tuhesabu vizuri: alikuwa amepita miaka 30. Kwa macho ya watu wengi, huo si umri wa kuanza kujifunza muziki. Lakini katika mji alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, mtu wa chama cha muziki cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Huyo alisikia sauti ya mama huyu, akaona kwamba ni nzuri, lakini bado haijafundishwa. Akakubali kuwa mwalimu wake.

Muziki wa taarab wakati ule uliimbwa kwa Kiarabu. Ulikuwa umeletwa kutoka Misri wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, na ulikuwa muziki wa nyumba za wakubwa. Siti hakujua Kiarabu. Basi alianza chini kabisa: kutamka herufi moja moja jinsi inavyotakiwa, kusoma Kurani kwa sauti, kufuata udi, ambacho ni chombo cha nyuzi chenye tumbo kubwa, ndugu ya gitare yetu. Kwa sababu hakuweza kusoma karatasi, sikio lake likawa daftari lake. Alisikiliza, akarudia, akasahihishwa, akarudia tena.

Waimbaji wetu waangalie hapa. Usomaji wa namna ile unamlazimisha mtu kushika mstari mrefu kwa pumzi moja, bila kukata neno katikati. Ndiyo shule ya pumzi. Sauti hutoka pale hewa ya mapafu inapopita kooni na kutikisa nyuzi ndogo zilizomo. Hewa ikiwa kidogo, mtu hukaza shingo na kupiga kelele, na kesho yake sauti imekauka. Hewa ikivutwa mpaka chini, mbavu zikapanuka na mabega yakatulia, koo hupumzika na sauti hufika mbali bila kupigana na ngoma. Tena, herufi zikitamkwa wazi, wasikilizaji hupata maneno hata kama sauti ni ndogo.

Siti hakubaki peke yake. Aliimba pamoja na wapigaji na waimbaji kama Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Walikutana usiku nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa watu wadogo, kama vile katika Lubumbashi ya wakoloni watu wetu waliwekwa mbali na mji wa wazungu. Pale walitunga nyimbo, wakazijaribu na kuzirekebisha. Na hapo alifanya jambo kubwa: muziki uliokuwa wa Kiarabu, akauimba kwa Kiswahili, kila mtu akafahamu.

Lakini sifa haikuja bila matusi. Wenye wivu walitunga wimbo wa kumdharau, kwamba ametoka shamba na nguo duni, hana uzuri wa uso wala ukoo, na kama si sauti angekosa chakula. Neno hilo lingeweza kumfunga mdomo kabisa. Yeye hakugombana nao barabarani. Alijibu kwa wimbo, akionyesha kwamba uso na ukoo si kitu mbele ya akili na tabia. Uhodari wake haukutegemea sifa za watu. Ulisimama juu ya kazi aliyokuwa akiijua. Mtu anayejua pumzi yake, maneno yake na wimbo wake mpaka mwisho, kicheko cha watu hakimwangushi.

Mwaka wa 1928 yeye na wenzake walisafiri mpaka Bombay, katika inchi ya India, kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa na umri wa karibu miaka 48, na toka aingie mjini ilikuwa imepita miaka 17. Sahani zile zikauzwa kwa maelfu katika Afrika ya Mashariki. Kufika mwaka wa 1931 zilikuwa zimepita 70,000. Watu wa bara na pwani wakasikia Kiswahili kikitoka ndani ya santuri.

Na sauti ile hakuitumia kwa kujipamba tu. Mmoja wa nyimbo zake, unaoitwa Kijiti, unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa. Mwuaji alikimbia, lakini wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti aliimba habari hiyo mbele ya watu wote. Mtoto wa mtumwa, asiyejua kusoma, alisema mambo ambayo wenye elimu waliyanyamazia.

Alikufa tarehe 8 Julai 1950. Mwandishi Shaaban Robert alikuwa amezungumza naye, akaandika kitabu cha maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad. Na msichana mmoja aliyejifunza kwa kumsikiliza, Bi Kidude, aliendelea kuimba mpaka uzee mkubwa, akafa mwaka wa 2013. Ndivyo mwalimu mmoja alivyozaa mwimbaji, na mwimbaji akazaa mwingine.

Basi, ndugu wapenzi, mwenye sauti nzuri asikatae kusahihishwa, maana Siti alisahihishwa. Mama aliyepita miaka 30 asiseme wakati umepita. Asiyejua kusoma akae karibu na anayejua, ashike maneno kwa sikio. Viongozi wa waimbaji wawafundishe watu kupumua mbele ya kuwafundisha wimbo mpya. Na sisi wengine tunaosikiliza, tusimcheke dada anayetetemeka siku yake ya kwanza mbele ya watu. Kicheko chetu kinaweza kuzima sauti ambayo watu wengi wangeihitaji.

Mungu awabariki.